Jioni ya Kwanza Lisbon: Vuka Mto, Ule Samaki, Ulale

Wifi yangu anasafiri kwenda Lisbon, Ureno, mwezi wa sita, mara yake ya kwanza kukanyaga Ulaya, na wiki iliyopita alinitumia ratiba ya siku ya kufika. Ndege inatua saa nane mchana. Saa kumi awe ndani ya tramu namba 28. Saa kumi na moja na nusu awe ngome ya São Jorge. Saa moja chakula kwenye lile soko kubwa la Cais do Sodré, na saa tatu usiku akasikilize muziki wa fado. Nilimpigia simu hapo hapo.

"Wifi, futa vyote."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa nikae hotelini nihesabu mbao za dari?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake ni refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika ili wengine nao walipate. Lisbon ni mji ninaoupenda kwa moyo wote. Nimeona watu wakiuchukia ndani ya saa sita za kwanza, na kosa halikuwa la mji. Walifika wamechoka, wakaupandia vilima, wakapanga foleni juani, wakala ghali, wakalala na hasira. Kesho yake wanaamka na neno moja tu mdomoni: "Mji una ngazi huu!"

Ninachoamini ni hiki. Jioni ya kwanza ipewe jambo moja tu, na jambo hilo lisiwe na saa maalumu wala tiketi ya kununuliwa mapema. Ukichelewa saa mbili, ulikute bado lipo. Lisbon jambo hilo lipo tayari na bei yake ni ndogo sana: unateremka hadi mto Tejo, unapanda boti ya kwenda Cacilhas, kitongoji cha ng'ambo, pamoja na watu wanaotoka kazini, unavuka, unakula ng'ambo, unarudi. Basi.

Nianze na mwili, maana ndio unaosahaulika. Anayetoka Dar, Mombasa au Nairobi mara nyingi huruka usiku, akabadilisha ndege Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa, kisha akaingia Lisbon mchana. Tofauti ya saa ni ndogo: wao wako nyuma yetu kwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Udogo huo ndio unaowadanganya watu. Kweli, saa hazitakusumbua kama za mtu aliyetoka Tokyo, lakini usiku uliopita hukulala. Ulikaa umejikunja kitini, ukaamshwa kula wali saa tisa za usiku, ukatembea maili nzima kutafuta lango la ndege ya pili. Lisbon inapogonga saa moja jioni, kwenye mwili wako ni saa tatu usiku, na deni la jana lote liko pale pale.

Halafu kuna jua. Sisi tumezoea jua linalotuaga karibu wakati ule ule mwaka mzima. Lisbon mwishoni mwa mwezi wa sita jua linazama baada ya saa tatu usiku. Mgeni anaangalia dirishani, anaona mchana mweupe, anadhani siku bado mbichi, anaongeza jambo jingine kwenye ratiba. Macho yanasema saa kumi, miguu inasema usiku wa manane. Usiyasikilize macho.

Na kuna mlango wa kuingilia. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa mipaka kati yao, Ureno ikiwemo, zimeanza kuwachukua wageni alama za vidole na picha ya uso mpakani, badala ya kutegemea muhuri peke yake. Ukipitia Doha au Istanbul, shughuli hiyo utaifanyia Lisbon. Ukipitia Paris au Amsterdam, utaimalizia huko. Kwa vyovyote vile foleni inaweza kuwa fupi au ikala mchana wako wote, na hakuna anayeweza kukuahidi. Ndiyo maana namkataza mtu kununua kitu chochote chenye saa yake siku hiyo. Tiketi ya saa tatu usiku inakuwa mzigo kabla hata hujalipokea begi lako.

Sasa malazi. Jioni yako ya kwanza unaipanga siku unapolipia chumba, miezi miwili kabla. Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kwa mapambo ya kupendeza. Vinapendeza kweli kweli, lakini vimesuguliwa na miguu ya watu kwa miaka mingi, na vikilowa vinateleza. Begi la magurudumu juu yake linapiga kelele mtaa mzima. Kule Alfama, mtaa wa kale wa kilimani, ambako picha za mtandaoni ni tamu kuliko kwingine kote, gari mara nyingi linakushusha chini na unabaki na ngazi. Kijana wa miaka ishirini na begi la mgongoni, sawa. Mtu mwenye sanduku la kilo ishirini na tatu, na usiku uliopita hakulala, hapana.

Mimi nawashauri wageni wa mara ya kwanza walale Baixa, ile sehemu tambarare katikati ya mji. Unyoofu wa mitaa yake una historia: tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliuangamiza mji, na waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, akasimamia ujenzi mpya wa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Kwa mgeni aliyechoka, mitaa hiyo ni rehema. Ukitoka mlangoni huwezi kupotea; ukifuata mteremko unafika mtoni. Jiandae pia kulipa kodi ya malazi ya jiji, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 4 kwa mtu kwa usiku. Baadhi ya nyumba za kulala wageni huidai kando, mlangoni.

Kutoka uwanja wa ndege si mbali, kiwanja kiko ndani ya jiji. Treni ya chini ya ardhi inaanzia pale pale: unachukua mstari mwekundu hadi Alameda, unahamia wa kijani, unashuka Rossio au Cais do Sodré. Mkiwa wawili na mizigo, Bolt ile ile mnayoitumia Dar na Nairobi inafanya kazi, na siku hiyo pesa ya gari si hasara. Hata hivyo, kabla hujatoka kiwanjani, pita kwenye mashine za treni ununue kadi ya Navegante, ile ya karatasi ya senti 50, uiwekee euro kadhaa. Kila mtu na yake. Hamwezi kutumia moja wawili. Kadi hiyo ndiyo itakayokuvusha mto baadaye, na utafurahi sana kwamba jioni huna haja ya kusimama tena mbele ya mashine ukisoma Kireno.

Ukifika chumbani, oga. Sizungumzii kunawa uso. Namaanisha kuoga kabisa, kubadili nguo zote, kuvaa viatu ambavyo mguu unavijua. Usilale kitandani. Ukijilaza "dakika tano tu" wakati wa saa kumi jioni utaamka saa nne usiku, njaa inauma, maduka yamefungwa, na usingizi umekwisha hadi alfajiri. Toka nje badala yake. Bustani na viwanja vingi vya Lisbon vina vibanda vidogo vya kuuzia kahawa, wanaviita quiosque, vyenye viti vya chuma chini ya miti. Kaa hapo na kahawa au maji ya limau kwa nusu saa. Usipige picha yoyote. Waache watu wapite, uzoee sauti yao, jinsi wanavyomeza irabu mpaka mtu anadhani anasikia Kirusi. Hii nusu saa inafanya kazi kubwa kuliko mnara wowote.

Kuhusu vile tulivyovifuta kwenye ratiba ya wifi, nitavipitia haraka. Tramu namba 28, inayotoka Martim Moniz hadi Campo de Ourique, ni nzuri alfajiri. Mchana ni foleni ndefu juani na vibaka wanaoijua mifuko ya wageni kuliko wenyewe. Ngome inakutaka upande kilima. Lile soko la Cais do Sodré, ambalo upande wake mmoja tangu 2014 umegeuzwa ukumbi wa vibanda vya chakula, ni zuri kwa mtu mwenye nguvu ya kuwinda kiti huku amebeba sahani. Belém, ambako wageni wengine hukimbilia, iko mbali, na majumba yake ya makumbusho hufungwa jioni. Fado, muziki ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2011, unastahili masikio mazima: taa zinapunguzwa, watu wananyamaza, hata wahudumu wanasimama. Mtu aliyekesha kwenye ndege atasinzia wimbo wa pili, na itakuwa dhuluma kwake na kwa mwimbaji. Na ukisikia watu wakitaja ile treni ndogo ya kupandia kilima ya Glória, iliyoanza kazi mwaka 1885, ujue kwamba ilianguka tarehe 3 Septemba 2025 na kuua watu 16. Watu wa Lisbon bado wanaliongelea jambo hilo kwa sauti ya chini. Ukipita pale, pita kwa heshima.

Basi, saa moja hivi jioni, teremka. Kutoka Rossio fuata Rua Augusta, barabara ya waenda kwa miguu, moja kwa moja hadi chini ya tao kubwa jeupe. Ukilivuka tao, mbele yako panafunguka uwanja mkubwa wa Praça do Comércio, ambao wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu, ingawa ikulu yenyewe ilikwenda na tetemeko. Pande tatu ni majengo ya manjano yenye matao. Upande wa nne hauna jengo, ni maji. Nenda mpaka mwisho, kwenye ngazi za mawe zinazoingia mtoni kati ya nguzo mbili. Tejo hapo ni mpana mno, ukiangalia upande wa kushoto huoni mwisho wake, na una harufu ya chumvi.

Kuanzia hapo hadi Cais do Sodré ni mwendo wa dakika kumi na tano kando ya maji, pasipo kilima. Katikati ya njia ni Ribeira das Naus, ambako watu hukaa kwenye ngazi pana za mawe wakilitazama jua. Zamani palikuwa karakana za kuundia meli za Ureno zilizokwenda India, na kwa mtu wa pwani yetu jina la India hapa halipiti hivi hivi. Kutoka mto huu alitoka Vasco da Gama mwezi Julai 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 kikatoka kikosi cha Francisco de Almeida, kikaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Nitasema jambo hapa, kisha nitaliacha, kwa sababu ni zito na jioni hii si yake. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa atoe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ililetwa Lisbon, na mwaka 1506 ikakamilika chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kazi inayohesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente, kwa amri ya Mfalme Manuel I. Ni mali ya jumba la makumbusho la Museu Nacional de Arte Antiga, na maandishi yaliyozunguka kitako chake yanaitaja Kilwa kwa jina. Kila Mswahili anayefika Lisbon angepaswa kukiona. Lakini akakione asubuhi, akiwa amelala, amekula, kichwa kimetulia, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba jumba liko wazi siku hiyo. Mambo ya namna hii hayatazamwi kwa macho mekundu ya safari. Mtu aliyechoka atapita mbele ya dhahabu ya Kilwa kama anavyopita mbele ya duka la kumbukumbu, na hilo linaniuma kulifikiria.

Kwenye gati la Cais do Sodré gusisha kadi, ingia chumba cha kusubiri, ungana na watu. Milango inafunguliwa, watu wanaingia bila haraka. Chagua kiti cha dirishani upande wa kulia. Kwenda, upande huo utakuonyesha daraja jekundu la 25 de Abril, lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974. Na juu ya ng'ambo, sanamu ya Cristo Rei (Kristo Mfalme) iliyofunguka mikono. Wakati wa kurudi, kaa tena kulia: safari hii utaona mji wenyewe, Terreiro do Paço, ngome, mapaa ya Alfama, vyote vimepigwa na jua la machweo kutoka upande wa daraja. Dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi. Watu wanalipa makumi ya euro kwa boti za watalii ili waone hayo hayo.

Nilimpeleka Mama kwa mpango huu alipokuja kututembelea mwezi wa tisa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba ndani ya gari hakuangalia nje hata mara moja, amefumba macho na mtandio usoni. Nikamwogesha kwa maneno, akaoga, akanywa chai, nikamwambia, "Mama, tukavuke mto kidogo tu, tukale samaki turudi." Akakubali kwa sababu ya samaki.

Mbele yetu kwenye boti alikaa dada mmoja mwenye viatu vyeupe vya mpira, vile wanavyovaa wahudumu wa hospitali, na mfuko wa mkate mapajani. Kabla boti haijaondoka gatini alishalala, kichwa kwenye kioo. Kando yake kijana ameshika baiskeli, na mzee aliyebeba mboga za majani zimechomoza kwenye mkoba. Mama akaacha kuangalia daraja, akawa anamwangalia yule dada. "Huyu kachoka kuliko mimi," akaninong'oneza. Boti ilipokaribia Cacilhas nikaona Mama anahangaika, anaangalia huku na huku kama kuna mtu atakayemwamsha. Hakuna aliyemgusa. Boti ilipogonga yale matairi ya gati, yule dada akafumbua macho, akashika mkate wake, akasimama, akaenda zake.

"Kazoea," Mama akasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu atue. "Ni kama pantoni ya Kigamboni tu, mwanangu. Watu wanalala Magogoni wanaamka ng'ambo."

Mama amevuka ile pantoni maisha yake yote. Kuanzia dakika ile Lisbon haikuwa tena mji wa Wazungu kwake. Ilikuwa mji wa watu wanaovuka maji kwenda kazini na kurudi. Maswali yakaanza. Nauli ni kiasi gani? Wanawake wajawazito wanapewa viti? Mvua ikinyesha inakuwaje? Hakuna ngome wala tramu ambayo ingemfungua mdomo namna ile siku ya kwanza. Ndiyo maana nashikilia sana boti hii: inakuingiza mjini kupitia jambo ambalo wenyeji wanalifanya kila siku, na hakuna anayekutaka ushangae.

Cacilhas yenyewe ni ndogo. Ukishuka, upande wako wa kushoto imeegeshwa meli kubwa ya mbao yenye milingoti mitatu, D. Fernando II e Glória, iliyoundwa Daman, India, kwa mbao za msaji na kushushwa majini mwaka 1843. Iliungua mwaka 1963, ikakarabatiwa upya miaka ya tisini. Itazame kwa nje upite. Mbele yako kuna barabara ya waenda kwa miguu, Rua Cândido dos Reis, yenye migahawa ya samaki pande zote. Chagua ule wenye jiko la mkaa linaloonekana na meza za wenyeji, si ule wenye mtu mlangoni anayekuvuta.

Kwenye meza, sikiliza vizuri. Kabla hujaagiza, mhudumu ataleta mkate, zeituni, pengine jibini au siagi. Hiyo si zawadi. Inaitwa couvert na inalipiwa ukiila. Usipoitaka mwambie kwa upole não, obrigada (mwanamume anasema obrigado) naye ataiondoa bila kinyongo, usipoigusa hulipi. Mimi huacha mkate na zeituni, narudisha vingine. Kisha agiza samaki wa kuchoma: dourada mzima, au carapau, au dagaa wao wakubwa wanaoitwa sardinha, ambao mwezi wa sita ndio wamenona. Anakuja na viazi vya kuchemsha, saladi, mafuta ya zeituni na limau. Ugali hakuna, lakini hutaukumbuka sana. Mama aliomba pilipili, wakamletea chupa ya piri-piri, akaitingisha juu ya samaki mpaka mhudumu akaja kumuuliza kama yuko salama.

Kwa asiyekula nguruwe, samaki jioni ya kwanza ni salama ya moyo, kwa sababu nguruwe Lisbon anajificha: kwenye supu ya caldo verde huelea kipande cha soseji, na mkate wa bifana ni nguruwe mtupu. Anayetaka nyama ya halali aende Martim Moniz, kituo kimoja tu kutoka Rossio, na mtaa wa Rua do Benformoso, wenye migahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani. Biriani ipo. Lakini hiyo ni ya siku nyingine, au ya jioni ambayo upepo umekuzuia kuvuka.

Upepo, ndiyo. Hata mwezi wa saba, jioni huvuma upepo kutoka kaskazini, na katikati ya mto unapenya nguo nyepesi. Beba sweta au koti jepesi. Wageni kutoka joto la Dar wanaona neno "kiangazi" wanadhani wamemaliza.

Wareno huanza kula saa mbili, saa tatu usiku, na migahawa mingi haiwashi jiko kabla ya saa moja au moja na nusu. Ukivuka saa moja na nusu unafika wakati ule meza bado ziko wazi na mpishi ndiyo kwanza anapepea mkaa. Unamaliza wenyeji wakiingia. Boti zinaendelea hadi usiku mwingi, kwa hiyo usile ukiangalia saa.

Kwa wanaoswali: mwezi wa sita Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku na Isha karibu saa tano, jambo linalomtatiza sana mtu aliyetoka kwetu, lakini msafiri ana ruhusa yake ya kujumuisha. Na kibla kimehama. Nyumbani Dar tunaelekea kaskazini. Lisbon ni mashariki. Tafuta upande huo mapema, kabla usingizi haujakuchanganya. Msikiti mkuu wa jiji, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na kuufikia kwa treni ni rahisi. Waislamu waliotoka Msumbiji ni miongoni mwa waliouanzisha, na usishangae ukikutana na sura zinazofanana na za nyumbani.

Ukirudi chumbani iwe saa nne au karibu yake, lala. Funga vile vifuniko vya dirisha vya nje mpaka chini, maana mwanga wa asubuhi kiangazi huja mapema. Maji kando ya kitanda. Simu mbali.

Mpango huu unageuka majira ya baridi. Mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi na moja na robo jioni, kwa hiyo ukitua mchana, boti inatangulia kila kitu: weka begi, usioge hata, nenda moja kwa moja Cais do Sodré ili uvuke na mwanga, kisha rudi uoge na ule supu mkahawa wa jirani na hoteli. Ukungu ukiwa mzito, au wafanyakazi wa boti wakiwa kwenye mgomo, jambo ambalo hutokea, usianze kutafuta cha kufidia. Tembea mpaka Ribeira das Naus, kaa nusu saa, ule, ulale. Boti utaipanda kesho yake jioni, na ile ratiba ya wifi, tramu, ngome, fado na yote, ianze asubuhi baada ya kifungua kinywa.